Dua Mbili Katika Uwanja Mmoja

Katika wilaya ya Kasese, kila ufikapo msimu wa mashindano ya shule za sekondari, iwe ni Bwera iliyo karibu na mpaka wa Kongo, au Kilembe ndani ya bonde la mto Nyamwamba, au huku kwetu Ibanda ambako njia ya kuupanda mlima Rwenzori huanzia, hutokea jambo ambalo watu wamelizoea hata hawalioni tena: kabla ya kipenga kulia, vijana kumi na mmoja wa upande huu hushikana mabega, huinamisha vichwa, na nahodha wao humwomba Mwenyezi Mungu awape ushindi; na upande wa pili, hatua zisizofika mia, vijana kumi na mmoja wengine hufanya vivyo hivyo, kwa maneno yale yale, kwa Mungu yule yule. Shule moja huenda ilianzishwa na Kanisa Katoliki, ya pili na Waanglikana, na ya tatu, ambayo vijana wake wangojea zamu yao chini ya mwembe, ilianzishwa na Waislamu, nazo zote leo hupata walimu na mishahara kutoka serikalini. Lakini tofauti hizo haziondoi shida hata kidogo, kwa maana hakuna katika mashekhe, mapadri na wachungaji wetu afundishaye kwamba mbinguni wako mabwana watatu waliogawana viwanja. Yuko mmoja, na katika dakika moja aombwa mambo mawili ambayo hayawezi kuwa pamoja.

Nimewasikia watu wenye elimu wakilicheka swali hili. Husema kwamba Muumba wa mbingu na ardhi ana shughuli kubwa kuliko mpira, na kwamba kumhusisha na mabao ni utovu wa adabu. Jawabu hilo lina sura ya uchaji, lakini ndani yake mna ghururi, kwani mwenye kulitoa amejitwalia mamlaka ya kupima lipi ni kubwa na lipi ni dogo mbele ya Mola. Na kijana wa miaka kumi na saba, aliyeteremka kutoka mlimani na viatu vyake vya mchezo amevining'iniza shingoni ili visichakae njiani, alasiri ile hana kitu kikubwa kuliko mchezo ule. Wamo wanazuoni wa Kiislamu waliofundisha kwamba mja amwombe Mola wake kila haja, hata ukanda wa kiatu ukikatika. Na Wakristo hufundishwa kwamba nywele za vichwa vyao zimehesabiwa zote. Ikiwa unywele umehesabiwa, seuze bao.

Wengine huleta hoja ya mvua. Mwenye kahawa yake juu ya mlima, wasema, huomba mvua siku ile ile ambayo mwenye pamba bondeni huomba jua, wala hatuoni ajabu, maana Mungu aweza kumnyeshea huyu na kumkaushia yule, kama afanyavyo mara nyingi katika nchi yetu hii ambamo mtu husimama juani Kikorongo akautazama mlima umefunikwa na mawingu meusi. Hoja hiyo ni nzuri kwa mvua. Kikombe cha wilaya ni kimoja, hakigawanyiki baina ya mlima na bonde, na yule apewaye amepewa kwa kunyimwa mwenzake.

Nadhani swali lenyewe lina uzito zaidi hapa petu kuliko pengi pengine, kwa sababu shule, kabla ya kuwa mahali pa kuombea, ilikuwa ni kitu kilichoombwa, na kwa muda mrefu kilichoombwa bila ya kupatikana. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na pamoja na reli wakaja watu wa kila kabila, wakakutana na wenyeji migodini na sokoni, na aghalabu lugha iliyowapatanisha ikawa ni hii tuandikayo. Mji ukakua upesi. Lakini mji waweza kukua na mtoto wa mlimani asione darasa. Na Wakonzo na Waamba, waliokuwa chini ya ufalme wa Toro, walilalamika miaka mingi kwamba watoto wao husomeshwa kwa Kitoro wala si kwa lugha ya mama zao, kwamba nafasi za masomo ya juu huwapita, na kwamba kodi waitoayo hairudi milimani katika sura ya shule. Aliyeyaongoza malalamiko hayo, Isaya Mukirane, alikuwa mwalimu. Na tarehe 30 Juni 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, Rwenzururu ilitangazwa kuwa nchi yenye kujitawala, ikakaa milimani na utawala wake na shule zake mpaka silaha zilipowekwa chini mwaka 1982. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1974, sehemu hizi zilikuwa zimekwisha kutengwa na Toro zikawa wilaya peke yake. Elimu ya msingi isiyo na ada ilikuja mwaka 1997 na ile ya sekondari mwaka 2007, na hapo ndipo madarasa yalipofurika hata baadhi ya walimu wakafundisha nje.

Mtu asidhani kwamba nimelisahau swali la dua. Watu wale hawakulalamika kwamba wameshindwa katika mtihani au katika mbio. Malalamiko yao yalikuwa kwamba hawakuingizwa uwanjani, na asiyeingizwa uwanjani hawezi hata kushindwa. Tuliweke jambo hili kando, maana tutalihitaji.

Michezo nayo ilikuja na wale waliozileta shule. Wamisionari wa Kiingereza walioanzisha King's College Budo mwaka 1906, na baadaye yule afisa wa jeshi la majini, Ernest William Calwell, aliyeanzisha Nyakasura nje ya mji wa Fort Portal mwaka 1926 na kuwavika wavulana wake sketi za Kiskoti zinazovaliwa hata leo, walikuwa wamelelewa katika itikadi kwamba tabia ya mtu hufinyangwa uwanjani kuliko kanisani, na kwamba kijana akijifunza kushindwa bila ya kununa amekwisha kujifunza nusu ya Injili. Sitaki kuikejeli itikadi hiyo, ingawa ilikuwa na hila ndani yake, kwani ilipendeza sana kwa watawala kuwafundisha watawaliwa kushindwa bila ya kununa. Serikali ya uhuru ilipozichukua shule za madhehebu katika mwanzo wa miaka ya 1960, waanzilishi waliachiwa sehemu yao katika uongozi na katika ibada, na taifa lenyewe likamtaja Mungu katika kaulimbiu yake kabla ya kuitaja nchi. Ndiyo maana shule ya serikali hapa Uganda husali bila ya mtu kuuliza kwa idhini ya nani, jambo ambalo lingezusha kesi mahakamani huko Marekani au Ufaransa.

Kisa cha kale kuliko vyote nivijuavyo juu ya dua ya uwanjani kimo katika Iliad, utenzi wa Wayunani unaonasibishwa na Homer. Mashujaa wanamzika mwenzao Patroclus, na katika matanga yake wanafanya michezo, miongoni mwake mbio za miguu. Ajax mwana wa Oileus yuko mbele, na Odysseus yu nyuma yake karibu sana; na walipokaribia mwisho, Odysseus alimwomba moyoni mungu wake wa kike, Athena, amsaidie. Athena aliijibu dua ile kwa njia mbili. Kwanza alimfanya mwepesi, miguu na mikono. Kisha, kama kwamba wepesi ule haukutosha, alimtelezesha Ajax katika mavi ya ng'ombe waliochinjwa kwa ajili ya maiti, hata mdomo na pua zake zikajaa. Odysseus akachukua zawadi ya kwanza. Ajax alisimama akitema, akilalamika kwamba yule mungu humwandama Odysseus kama mama na mwanawe, na jeshi zima likaangua kicheko.

Kwangu mimi kisa hiki kinafaa kuliko vitabu vingi vya elimu ya dini, kwa sababu kinaipasua dua ya ushindi katikati na kutuonyesha kwamba ndani yake mna maombi mawili yaliyovikwa nguo moja. La kwanza ni kuomba wepesi. La pili ni kuomba utelezi wa mwingine. Na mwenye kuomba aghalabu hajui ni lipi aliombalo, maana ulimi husema "tupe ushindi" na moyo hujaza uliobaki. Huku kwetu kila msimu haukosi tuhuma kwamba golini kumezikwa kitu, kwamba kipa fulani ana hirizi ndani ya soksi, kwamba timu fulani imeingia uwanjani kwa kuruka ukuta ilhali mlango uko wazi. Wachungaji na mashekhe hukemea mambo hayo, na wana haki. Lakini ningependa wachunguze pia ile dua isemwayo hadharani, kwa sauti nzuri, na kuitikiwa "Amina", kwani ikiwa nahodha ameomba ndani ya nafsi yake kwamba mshambuliaji wa upande wa pili avunjike mguu, basi hakuna tofauti kubwa baina yake na yule aliyezika kitu golini, ila kwamba huyo wa pili ametumia jembe.

Lakini je, yawezekana kuomba wepesi peke yake? Wako watakaosema kwamba hiyo ni hila ya maneno, kwa kuwa katika mbio wepesi wa mmoja ni uzito wa wenzake. Hapo namkumbuka John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda, aliyekimbia mita 400 kuruka viunzi katika michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, naye amepangiwa mstari wa kwanza, ule wa ndani ambao kona zake ni kali kuliko zote. Katika mbio zile alikuwamo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Mexico wa mwaka 1968, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Akii-Bua alimaliza kwa sekunde 47.82, wa kwanza katika historia kushuka chini ya 48. Sasa na tufikiri: lau Hemery angaliteleza katika kiunzi cha tatu, Akii-Bua angalikuwa na medali ile ile na wimbo ule ule wa taifa, lakini tungalikuwa na nini cha kusimulia? Hemery, kwa kuwapo pale mzima, kwa rekodi yake ya miaka minne iliyokuwa ikimngoja mtu wa kuivunja, ndiye aliyezipa sekunde zile 47.82 maana yake. Aliyeshindwa alitoa sehemu kubwa ya kile alichopata mshindi.

Wanafunzi wetu wanalijua hili bila ya kufundishwa. Timu ya pili ikikosa mafuta ya gari isifike, waamuzi huwapa waliofika ushindi wa mezani, pointi zao ni halali kabisa, lakini lori litakaporudi jioni halitaimba. Hakuna mzazi atakayeuliza nani alifunga. Mpinzani aliyekosekana amechukua ushindi akaondoka nao. Basi mwenye kuuomba ushindi kwa akili timamu hana budi, apende asipende, kuomba kwanza kwamba mwenzake afike, awe mzima, ale vizuri, na asiugue malaria wiki ile. Na mtu akishaomba hayo yote kwa ajili ya mwenzake, chuki itakuwa imekwisha kupata taabu ya kupata mahali pa kukaa. Na hapa ndipo lile tuliloliweka kando linaporudi, kwani dhuluma waliyoilalamikia wazee wa milimani ilikuwa ni dhuluma ya ushindi wa mezani: wengine walipata vyeo na masomo pasipo kushindana na watoto ambao hawakupewa gari la kuwafikisha.

Mpinzani, basi, namhitaji awepo. Adui ni yule atakaye nisiwepo. Na sehemu zetu hizi zimemjua adui. Tarehe 8 Juni 1998, katika chuo cha ufundi cha Kichwamba karibu na Fort Portal, wapiganaji wa kundi la waasi la ADF waliwachoma moto wanafunzi wapatao 80 ndani ya mabweni yao. Na usiku wa tarehe 16 Juni 2023, katika shule ya sekondari ya Mpondwe Lhubiriha, shule ya watu binafsi iliyo karibu na mpaka, waliuawa watu zaidi ya 40, na 37 kati yao walikuwa wanafunzi. Kundi lililotenda hayo lajinasibisha na dini, na sina shaka kwamba nao walikuwa na dua kabla ya kuondoka msituni. Dua ya namna hiyo haina wepesi ndani yake; yote ni utelezi. Sheria ya Kiislamu waliyodai kuipigania imekataza hata katika vita halisi kuwaua watoto, kwa hiyo sihitaji kutoka nje ya dini ili kuwahukumu. Ama wale vijana, ambao bila shaka baadhi yao walikuwa wamesali kabla ya kulala, kwa nini dua yao ya usalama haikujibiwa kama walivyoomba, hilo ni swali ambalo kalamu yangu haina jawabu lake wala haitajifanya kuwa nalo, na nina wasiwasi na kila mhubiri aliyelijibu upesi kule mazikoni.

Turudi kwenye michezo, ambamo mambo ni mepesi zaidi, na tuwasikilize mafakihi wa Kiislamu, watu ambao walikuwa na subira ya kuyachambua mambo haya kabla yetu. Wao waliruhusu mashindano ya farasi, ngamia na mishale kwa zawadi, lakini wakauliza zawadi yatoka kwa nani. Ikitolewa na mtawala au mtu wa tatu, halali. Ikitolewa na kila upande ili mshindi achukue yote, hiyo ni kamari, na wengi wao waliikataa isipokuwa pale anapoingia mshindani wa tatu asiyeweka kitu. Kwa hukumu hiyo, ile desturi ya vijiji vyetu ya kuchangishana pande zote mbili, kununua ng'ombe, kumfunga pembeni ya uwanja na kumshindania dakika tisini ina mushkeli mkubwa. Na nimeona kwa macho yangu kwamba penye ng'ombe wa kuchangiwa ndipo ngumi hurushwa. Walilolihofia mafakihi, kwa dhana yangu, ni kwamba hasara ya mwingine isije ikawa ndicho chakula changu.

Na mapokeo yao yana visa ambavyo wahubiri wetu wa michezo hawavitumii vya kutosha. Mtume Muhammad alishindana mbio na mkewe Aisha, mara ya kwanza akashinda Aisha, na baadaye Mtume akashinda na kumtania kwamba wamelipana. Tena alikuwa na ngamia jike, al-Adba, ambaye hakupata kushindwa, mpaka siku moja bedui akaja na ngamia wake kijana akampita. Masahaba waliona uchungu sana, hata ukaonekana katika nyuso zao. Mtume hakumlaani bedui wala ngamia wake, bali aliwaeleza kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu kutokiinua kitu cha dunia ila kukishusha. Paulo naye, akiwaandikia watu wa Korintho, mji uliokuwa jirani na uwanja mashuhuri wa michezo, alitumia mfano wa wakimbiaji na taji lao la majani linalonyauka. Lakini Paulo alikuwa na haraka ya kufika kwenye taji lisilonyauka, na hakukaa kueleza habari za yule aliyekuja wa pili.

Nilipomsimulia mawazo haya kijana mmoja wa kidato cha tano, alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema: "Lakini mzee, nikiomba nguvu tu, na Mungu anajua kuwa nguvu zitanipa ushindi, si nimeomba ushindi kwa mlango wa nyuma?" Nikamwambia: "Mwanangu, umeomba. Lakini ukipita mlango huo unamkuta mwenzako naye anaingia, na mlango huo haufungwi na aliyetangulia." Hakuridhika, na mimi sikumlaumu.

Huku Ibanda kuna wanaume ambao nguvu zao hazikupata kupimwa kwa kikombe chochote. Mwaka 1906 mwanamfalme wa Kiitalia, Luigi Amedeo, alipandia bonde la Mubuku hadi kilele kirefu kuliko vyote, mita 5,109, akakiita Margherita kwa jina la malkia wa kwao. Mizigo ya safari ile ilibebwa na watu wa hapa, na wajukuu wao ndio wabebao mizigo ya watalii hata sasa. Wazee wa Kikonzo walisema kwamba huko juu, kwenye theluji, ndiko akaako mungu aitwaye Kitasamba, na apandaye huomba ruhusa ya kupita na kurudi. Dua hiyo ni safi, kwa kuwa hakuna anayeshindwa mtu akirudi salama. Lakini sitawashauri walimu waufute mpira na kuwapeleka watoto wote mlimani, kwani mtoto aliyezoea kushindana na mlima peke yake hatajua la kufanya siku atakapokutana na mtu.

Yuko mwalimu wa michezo, katika shule ambayo sitaitaja, aliyejaribu dawa yake mwenyewe. Aliwakusanya manahodha wawili katikati ya uwanja, timu zote mbili zikiwa zimewazunguka, akaamuru kila mmoja awaombee wa upande wa pili. Wa kwanza alisema maneno matatu akanyamaza. Wa pili, kijana mrefu mwenye sauti ya kwaya, aliinua mikono akawaombea wapinzani wake afya, pumzi, miguu myepesi na macho makali, akaendelea hivyo mpaka wenzake wakaanza kutazamana, na mwishoni akaongeza, "lakini, ee Bwana, usizidishe." Amina iliyoitikiwa ilitoka pande zote mbili, na refa alipiga kipenga akiwa bado anacheka.